Mji Niliotumwa Kuupeleleza

Mimi sijawahi kukanyaga Marekani, wala pasi yangu haijagongwa muhuri wa huko, lakini niletee mtu wa Louisville tushindane kuusema mji wake, nitamshinda. Sitanii. Nitamwambia mto Ohio unaporomokea wapi, nani aliuza watu pale na nani alikimbilia ng'ambo. Haya yote niliyapata nikiwa nyuma ya cherehani yangu hapa Marshalltown, katikati ya Johannesburg, mji ambao ukiacha vijito vyake hauna mto wa maana. Nilitumwa niyatafute. Na aliyenituma nilimtendea vibaya, nalo ndilo ninalotaka kulisema.

Kwanza mjue tulivyokuwa. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga. Mwenzangu ni msusi, Mkongo wa Uvira. Kwa miaka tisa tulipanga pamoja chumba kimoja cha biashara chini ya jengo la ofisi: cherehani yangu dirishani, viti vyake viwili na kioo ukutani. Nywele zake zikinasa kwenye nguo za wateja wangu, vipande vyangu vya uzi vikiingia kwenye rasta za wateja wake, na kila wiki tulikuwa na ugomvi wa hayo. Mimi Muislamu, yeye mtu wa kanisa la kuimba mpaka sauti ikauke. Ramadhani alikuwa akienda kula kwenye ngazi ili asinitamanishe, nami nilikuwa namwambia aache unafiki, aketi ale. Mimi nasema sana. Yeye anasema kidogo, na akisema ujue kamaanisha. Wateja wengi walidhani mimi ndiye mwenye chumba na yeye mwajiriwa wangu, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaacha wadhani.

Zamani alikuwa na duka dogo la mtaani, spaza wanaita hapa, kule Diepsloot, yeye na marehemu mumewe. Siku moja watu walilivamia wakabeba kila kitu, mpaka milango ya duka. Mume alifariki mwaka uliofuata, akabaki na mabinti watatu. Mkubwa alikuwa darasa la mwisho, anaongoza darasani, lakini kila chuo alichoandikia kilimtaka kitambulisho cha nchi, naye alikuwa na karatasi ya hifadhi tu, ile ya kupanga foleni kila mara kuongezewa muda. Mama yake aliwahi kuomba shirika la wakimbizi liwapeleke nchi nyingine, miaka mingi nyuma, hata akasahau kwamba aliomba. Basi siku moja simu ikalia katikati ya kusuka. Amekubaliwa, yeye na watoto wote. Marekani, jimbo la Kentucky, mji wa Louisville. Ana wiki tatu za kujibu ndiyo au hapana.

Mimi nilipiga vigelegele. Mteja aliyekuwa kitini akapiga makofi bila kujua ni kwa ajili ya nini. Yeye akaniuliza swali moja tu.

"Kuna muto?"

Nikafungua ramani kwenye simu. Mto ulikuwepo, mstari wa buluu mnene umeukumbatia mji upande mzima wa kaskazini. Akaichukua simu, akailaza kifudifudi juu ya meza.

Nilijua kwa nini. Kule Uvira mto ulishuka kutoka mlimani na mvua, ukaichukua nyumba ya mama yake na mdogo wake wa kike ndani yake. Aliwahi kunisimulia mara moja tu, anasuka, hakuniangalia, na alipomaliza akaniomba mkasi. Tangu hapo sikumuuliza tena.

Kesho yake alikuja na uamuzi wake. "Ninyi batu ba pwani," akaniambia, "mutoto wenu akiposwa, munatuma mutu anaenda kuuliza. Minakutuma wewe. Uniulizie huu muji."

Kwetu ndivyo tunavyofanya kweli. Kijana akileta posa, nyumba ya binti haijibu mpaka mwanamke mmoja mwenye macho ametoka kwenda kumpeleleza. Ukoo wake upi, kazi yake ipi, anakunywa, ana mkono mwepesi, kwao kuna maradhi gani, majirani wanamsemaje. Anarudi, anakaa mkekani, anasema yote, mazuri na mabaya, hachagui. Akificha jambo na ndoa ikaharibika, lawama ni yake mpaka anaingia kaburini.

Na mimi sheria hiyo naijua kwa uchungu. Aliyetumwa kumpeleleza mume wangu alirudi na sifa tele: kijana ana duka Johannesburg, hanywi, anaswali. Yote kweli tupu. Alichoacha ni kwamba kijana huyo alikuwa na mke Soweto na watoto wawili. Yule mama alikuwa anajua. Aliona nitapata riziki, akaona haina haja kunisumbua. Mimi niliyajua hayo nimesimama mlangoni kwa mke mwenzangu, sanduku mkononi, shela bado lina manukato. Ndivyo nilivyoingia mji huu. Kwa hiyo niliposema, "Haya shoga, nakwenda kukuulizia," nilijua vizuri ninaapa nini.

Kazi niliifanya sawasawa, msinidharau. Mchana nilikuwa nafunika cherehani naenda maktaba, nasoma mpaka macho yanauma, Kiingereza changu cha dukani nakisukuma hivyo hivyo. Halafu nilikuwa na mteja wangu wa zamani, mama Mkongo, ambaye sasa anaishi Louisville na anafunga vifurushi kwenye ghala. Alasiri yetu ni asubuhi yao. Alikuwa ananitumia sauti akiwa kwenye basi, nami namhoji kama ninavyohoji jirani wa mchumba: huyu mtu kwao wapi, ana tabia gani, akikasirika anakuwaje. Alicheka mpaka abiria wenzake wakamgeukia.

Ripoti ya kwanza niliitoa Jumatatu, kabla wateja hawajajaa. Nilianza na ukoo. "Mji huu," nikamwambia, "umezaliwa na kizuizi." Mto Ohio ni mrefu na mpole, mashua zilikuwa zinateremka nao na mizigo bila taabu, lakini mahali pale pamoja maji yanaporomoka juu ya miamba. Mashua inasimama. Mizigo inashushwa, inabebwa kwa mikokoteni mpaka chini ya maporomoko, inapakiwa tena. Wanaosubiri wanataka chakula, wanataka pa kulala, wanataka mtu wa kuwashonea suruali iliyopasuka. Wanaowahudumia wakajenga vibanda, vibanda vikawa nyumba, nyumba zikawa mji.

"Beitbridge!" akasema.

Ala! Nilikuwa nimesoma siku nne na yeye kaimaliza kwa neno moja. Ndiyo, Beitbridge, pale mpakani malori yanapolala siku mbili tatu na akina mama wanauza wali. Nikamwambia baadaye walichimba mfereji wa kupitisha meli pembeni, na wapo waliohofia biashara ya mji itakufa, lakini haikufa. Na jina wamelitoa kwa mfalme wa Ufaransa aliyewasaidia kupigana na Waingereza, ambaye mwishowe wananchi wake mwenyewe walimkata kichwa.

"Na jina wameliacha?"

"Wameliacha."

"Bon," akasema, akachukua kitana. Nilimwona anatabasamu kwenye kioo.

Ripoti ya pili ilikuwa ya aibu za familia, na hizo hazifichwi. Mto ule zamani ulikuwa mpaka. Ukingo wa kusini, uliko mji, mtu alikuwa anamiliki mtu. Ukingo wa kaskazini sheria ilikataza. Unaona ng'ambo kwa macho, unaona moshi wa majiko yao, na huwezi kwenda. Wengine walivuka kwa kujificha. Wengine walifungwa minyororo, wakapakiwa kwenye meli za moshi na kuteremshwa mbali kusini kwenye mashamba ya pamba, na aliyepelekwa huko kwao hawakumwona tena. Mteja wetu siku hiyo alikuwa mama wa Soweto, akauliza mbona tumekunja nyuso kama tuko msibani. Nikamweleza kwa Kiingereza. Akasema, "Eish," akaomba tuendelee, safari hii kwa lugha anayoielewa.

Nikamwambia mwenzangu na ya sasa pia, kwamba mpaka leo weusi wengi wamekaa upande wa magharibi wa mji na pesa imekaa upande wa mashariki.

"Muji wenye aibu yake ninaujua," akajibu. "Joburg iko na yake. Endelea."

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia mimi. Kila aliposema "endelea," mimi nilikuwa nasikia anakunja nguo anaweka sandukuni. Nilianza kuangalia kile chumba. Nilikuwa na miaka tisa na mtu huyu. Nilipougua homa ya mapafu, yeye ndiye aliyenibeba mpaka kliniki, akapiga kelele kwa Kifaransa mpaka tukapewa kitanda. Nilipopewa talaka, yeye ndiye aliyekaa nami sakafuni. Mabinti zake wananiita anti, na mimi sikujaliwa kuzaa. Wakiondoka hawa, mimi hapa nabaki na nani? Nilimpenda yule mwanamke, na sikutaka aende. Ndiyo hivyo, nimesema.

Baada ya ripoti ya pili nilirudi maktaba, nikayakuta mafuriko.

Ilikuwa miaka ya thelathini ya karne iliyopita, mwezi wa Januari, baridi kali. Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, Ohio ukapanda, ukaumeza sehemu kubwa ya mji. Watu walipiga makasia barabarani, wakatolewa kwa madirisha ya ghorofani. Umeme ulikatika. Pahala pamoja walifunga mapipa matupu ya pombe kamba moja, wakayatandika mbao, likawa daraja la kuelea, watu wakapita na watoto wao mgongoni. Nilisoma nikaduwaa. Halafu nikafungua ukurasa uliofuata, na ukurasa ule ulikuwa unasema walichofanya baadaye: walijenga ukuta na matuta ya udongo, kilomita kwa kilomita, na milango ya chuma inayofungwa mto ukipanda, na mitambo ya kusukuma maji nje. Yule mama wa kule naye alikuwa ameshanitajia ukuta huo, basi lake linapita kando yake.

Nikafunga kitabu.

Kesho yake nilimhadithia mafuriko, na haki ya Mungu nilimhadithia vizuri. Baridi niliitia, giza nililitia, mapipa niliyagonganisha. Mikono yake ilikuwa inasuka polepole, mwisho ikasimama. Sikusema neno hata moja la uongo. Nilipofika kwenye daraja la mapipa nilinyamaza, nikavuta nguo niliyokuwa nashona, nikakanyaga cherehani.

"Basi," akasema. "Siendi."

Angeweza kumwambia binti yake aangalie kwenye simu. Hakumwambia, kwa sababu alikuwa amenituma mimi.

Siku nne nilikuwa na furaha ya kichaa. Nilileta pilau kutoka nyumbani, nikawapa na wateja. Nilianza kuzungumzia kupaka chumba rangi. Yeye alikula, akashukuru, akasema rangi ya kijani ni nzuri. Siku ya kujibu ilikuwa Alhamisi, na mimi nilikuwa naihesabu kama mfungaji anayengoja mwezi.

Jumanne binti mkubwa alikuja ametoka shule, ameshika sketi yake ya shule. Yule mtoto anaelewa Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza, nami nilishazoea kuzungumza naye hivyo, kila mtu na lugha yake. Akaniomba nimtolee sketi ile pindo na kuibana kiunoni, aweze kuivaa mwakani.

"Mwakani si umeshamaliza shule?"

"Nimemaliza, naenda wapi anti?" akasema kwa Kiingereza chake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajibu swali. "Mama amesema nitakaa hapa nijifunze kusuka. Nataka sketi ya kazini."

Nikampima. Alisimama wima kama watoto waliozoea kupimwa, mikono kidogo mbali na mwili, anaangalia kile kiti cha pili cha mama yake, kile kisichokuwa na mtu. Nilimpima kiuno mara tatu kwa sababu namba zilikuwa zinanitoka kichwani. Alipoondoka nilikaa na ile sketi mapajani, nikamkumbuka yule mama wa Tanga aliyerudi kwetu na sifa za mume wangu. Maisha yangu yote nimekuwa nikimlaani. Kumbe sikuwahi kujiuliza uso wake ulikuwaje alipokuwa anakunywa chai yetu. Sasa nilikuwa naujua. Ulikuwa uso wangu.

Jumatano mchana mwenzangu hakuwa na nafasi, alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Nilijua nikingoja amalize nitaghairi.

"Kuna ukuta," nikasema.

"Ukuta gani?"

"Louisville. Baada ya yale mafuriko walijenga ukuta. Una milango ya chuma, na mitambo ya kusukuma maji. Sikuambii hakuna maji kabisa, kuna sehemu za chini mto ukipanda yanaingia. Lakini tangu ukuta ujengwe mji haujamezwa tena vile. Nilisoma siku ileile, shoga. Nilificha."

Hakugeuka. Aliniangalia kwenye kioo.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Sikutaka uende."

Akaweka kitana mezani, taratibu, akakinyoosha kikae sawa na ukingo wa meza. "Ule mama alienda kuuliza bwana yako," akasema, "wewe ni yeye." Akachukua mkoba akatoka.

Yule mteja akanitazama. "Na mimi je?" Nilimfunga kilemba kwa kitambaa cha gauni la watu, nikamsindikiza mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, nikimwomba radhi kila hatua, naye akasema atarudi kesho kwa yule mwenye mikono ya kweli.

Alhamisi chumba kilikuwa changu peke yangu. Sikushona kitu. Ijumaa alikuja asubuhi, akamwita mteja wake, akammaliza kichwa, akasuka na wengine wawili, hakunitazama. Nilirudi kutoka kuswali nikamkuta amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, jambo ambalo hakuwa analifanya.

"Nimesema ndiyo," akasema. "Siko nakushukuru."

"Usinishukuru."

"Miaka tisa."

"Najua."

"Sasa umalize kazi. Mazuri yako wapi?"

Nikayatoa. Ilikuwa miezi mingi kabla hawajasafiri, na nadhani kila wiki nilimpa jambo. Daraja la zamani la treni walilolifanya la watu wa miguu, mtu anatembea tu mpaka jimbo jingine, ananunua kitu, anarudi. Maji yakipungua pale kwenye maporomoko, matumbawe na samakigamba vilivyogeuka mawe vinaonekana mwambani, vya zamani kuliko binadamu. Mbio za farasi kila Mei, ambapo wanawake wanavaa kofia kubwa kama ungo, na nikamwambia kule mimi ningetajirika. Maduka yenye ndagala, yaani dagaa wa kwao, na unga wa muhogo, makanisa yanayoimba Kiswahili chao. Na mabaya niliyapata nikayasema pia, baridi, basi zinazochelewa, mtaa huu na ule wa kuepuka. Alikuwa anasikiliza, lakini ilichukua muda mpaka akanichokoza tena, na siku alipolalamika kwamba nyuzi zangu zimeingia kwenye rasta zake, nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Wameondoka sasa. Binti mkubwa yuko chuo, anasomea mambo ya maabara. Wadogo wanazungumza kama Wamarekani, wananiita anti kwa puani.

Wiki iliyopita alinipigia alasiri, kwao asubuhi. Alikuwa kwenye lile daraja la kutembea, katikati kabisa, na wadogo. Nilisikia upepo. Akaniambia Ohio si wa buluu, ramani yangu ni ya uongo, una rangi ya chai ya maziwa. Akaniambia ameshika chuma kwa mikono miwili, lakini amefika. Nikamwambia Mashallah, mimi nisingeweza, na kweli nisingeweza.

Halafu akasema: "Nikuulize kitu. Ile wiki, ulizunguka na mafuriko na mapipa. Kwa nini hukuniambia tu, 'Baki'?"

"Kiburi," nikasema. "Nilidhani utakataa."

"Ningebaki."

Nikachomeka sindano kwenye gauni nililokuwa nashona.

"Ungeniambia 'baki', ningebaki na watoto wangu wote. Kila asubuhi niliingia mule chumbani minaogopa kwamba ni leo utasema. Njo maana nilikutuma uende uulize muji. Ili mudomo wako ukuwe na kazi."

Nilikaa na simu sikioni, gauni la watu mapajani. Na yeye, kule juu ya maji, hakukata.